Mjadala: Kocha afutwe kwa sababu ya vichapo vya mwanzo wa msimu?

Naliweka swali hili wazi mbele yenu, kila mtu ajibu anavyoona. Timu yetu imechapwa 2-0 nyumbani, mechi ya tatu tu ya msimu, na kabla mwamuzi hajapuliza kipenga cha mwisho watu walikuwa wameshaanza kuimba kwamba kocha aende. Wimbo huo ulitoka uwanjani ukafika Kondele, na tangu Jumapili ukipita sokoni Kibuye au steji yoyote ya boda hapa Kisumu unakuta mazungumzo ni hayo hayo. Je, ni sawa mashabiki kudai kocha afutwe mwezi wa kwanza wa ligi?

Jibu langu ni hapana. Sisemi hivyo kwa kumhurumia kocha. Yeye ni mtu mzima na ana mkataba wake. Nasema kwa ajili ya klabu, kwa sababu gharama ya kumfukuza hailipwi na mimi wala wewe tuliopiga kelele. Inalipwa na klabu, na mara nyingi klabu yenyewe haina pesa hizo. Hapo ndipo kichapo cha msimu ujao kinapoanza kupikwa.

Tuanze na tulichokiona wote. Wanaosema tulicheza vibaya wako sahihi, na sitabishana nao. Beki wetu wa kushoto aliachwa na winga mwenye kasi karibu saa nzima, hakuna kiungo aliyeshuka kumsaidia. Mabadiliko yalikuja dakika ya 75, mabao yote mawili yakiwa yameshaingia. Hayo ni ya kocha na lazima aulizwe. Lakini dakika ya 60 viungo wetu walikuwa wameshika magoti wakihema. Kwa nini? Kwa sababu mazoezi ya kabla ya msimu yalichelewa kuanza, wachezaji walikuwa nyumbani wakisubiri mishahara ya msimu uliopita. Hakuna kocha duniani anayeweza kumpa mchezaji pumzi ya miezi miwili kwa wiki mbili. Na wale wachezaji wapya tuliotangaziwa kwa picha na jezi walikuwa jukwaani pamoja nasi, wamevaa nguo za nyumbani, kwa kuwa leseni zao za kucheza ligi hazijatoka. Benchi lilikuwa na watu wachache mno. Ukimlaumu kocha kwa kuchelewa kubadilisha, basi niambie alikuwa na nani wa kuingiza.

Leseni hizo ndizo nataka tuzizungumzie, maana watu wengi wanadhani ni mambo ya karani tu. Klabu ikimfukuza kocha wa kigeni kabla ya mkataba kwisha, bila sababu inayokubalika, kocha anaweza kupeleka madai yake FIFA. Akishinda, klabu hupewa siku 45 za kulipa. Zikipita bila malipo, klabu inafungiwa kusajili wachezaji wapya, yaani hawapati leseni, hadi ilipe, na kifungo hicho kinaweza kufika madirisha matatu ya usajili mfululizo. Mchezaji wa kigeni asiyelipwa naye hupita njia hiyo hiyo. Gor Mahia wamewahi kufungiwa hivyo. AFC Leopards pia. Klabu mbili kubwa kuliko zote nchini, zenye mashabiki wengi kuliko zote, zikabaki zinatazama wengine wakisajili kwa sababu ya madeni ya watu walioondoka zamani.

Sasa fuateni mambo yanavyoandamana. Timu inapoteza mwanzo wa msimu. Tunapiga kelele. Viongozi wanaogopa kelele, wanamtoa kocha ili jioni hiyo ionekane wamefanya jambo. Deni linabaki. Msimu unaofuata usajili umefungwa, kikosi ni chembamba, wachezaji wanagoma, mazoezi yanachelewa. Timu inapoteza mwanzo wa msimu. Tunapiga kelele tena, safari hii kwa kocha mwingine. Mwenyekiti hajaguswa, mweka hazina hajaguswa, aliyetia saini mkataba asioweza kuulipa amekaa jukwaa la wageni wa heshima. Hili ndilo linaloniuma. Hasira yetu ni ya kweli na ina nguvu, lakini tunaipeleka kwa mtu mmoja ambaye ni rahisi kumtoa, na wale ambao ni vigumu kuwatoa wanapumua.

Tazameni historia ya eneo letu hili. Sony Sugar ya Awendo ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 2006. Timu ya mji mdogo wa miwa ikawashinda wote. Mwaka 2019 timu hiyo hiyo ilitimuliwa ligini kwa kukosa kufika uwanjani mechi tatu. Mabingwa walikosa uwezo wa kusafiri na kucheza. Chemelil Sugar nao wakashuka. Hawakuuawa na kocha aliyekosea mfumo. Kampuni za sukari zilipoanguka, timu zilianguka nazo, na hapakuwa na mpango mwingine wa pesa. Mwaka huo wa 2019 ndio pia kampuni ya kamari ya SportPesa walijiondoa katika udhamini wa michezo Kenya, na Gor Mahia na Leopards wakabaki bila mdhamini wa jezi. Upande wa pili mtazame Ulinzi Stars, waliokaa Nakuru miaka mingi. Walichukua ligi 2003, 2004 na 2005, kisha tena 2010. Wachezaji wake ni wanajeshi na mishahara yao inafika kila mwezi, kwa hiyo kocha wao alikuwa na kazi moja tu, ya kufundisha mpira.

Najua mtaniletea 2013, na mna haki, kwa kuwa hiyo ndiyo hoja yenu yenye nguvu zaidi. K'Ogalo, yaani Gor Mahia, walikuwa hawajagusa ubingwa tangu 1995. Mwaka 2012 wakiwa na kocha Zdravko Logarušić waliukosa kwa pointi moja, ukaenda Tusker. Mwaka uliofuata Logarušić akaondoka msimu ukiendelea, akaingia Bobby Williamson, na miaka 18 ya kiu ikaisha. Kwa hiyo kubadilisha kocha katikati ya safari kunaweza kuzaa kombe. Sikatai. Ila angalieni Williamson alikuta nini. Alikuta kikosi ambacho mwaka mmoja nyuma kilikuwa kimepungukiwa na pointi moja tu. Timu ilikuwepo. Na katika miaka ile 18 ya ukame makocha wangapi walikuja na kuondoka bila kombe? Hao hatuwataji, kwa sababu hakuna anayesherehekea kufukuza ambako hakukuzaa kitu. Tukichagua 2013 peke yake na kuacha miaka mingine yote, tunajidanganya wenyewe.

Wa upande wangu nao wanaleta Arsenal, na hapa nitawakosea adabu kidogo wenzangu. Wanasema kumbukeni Agosti 2021. Arsenal walipigwa 2-0 na Brentford, timu iliyokuwa ikicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ya Uingereza tangu 1947. Kisha 2-0 na Chelsea, kisha 5-0 na Manchester City. Mechi tatu, mabao tisa ya kufungwa, hakuna hata moja la kufunga, wa mwisho kwenye jedwali. Vibanda vya kuonyeshea mpira hapa Nyamasaria na Manyatta vilijaa watu wanaotaka kocha Mikel Arteta aondoke jioni hiyo. Akaachwa. Wakamaliza wa tano, na misimu mitatu iliyofuata wakamaliza wa pili. Hadithi ni ya kweli, lakini sipendi kuitumia. Arsenal walimvumilia Arteta wakiwa na pesa nyingi mfukoni. Dirisha lile lile walikuwa wamenunua wachezaji wa bei kubwa. Uvumilivu wao ulikuwa na akiba nyuma yake. Vivyo hivyo Crystal Palace walimfukuza kocha Frank de Boer mwaka 2017 baada ya mechi nne za ligi bila bao, wakaja na Roy Hodgson, wakamaliza wa 11. Wao waliweza kumlipa na kuendelea, kwa kuwa pesa za televisheni zinaingia kila msimu. Sisi tukifukuza, tunafukuza kwa mkopo. Kwa hiyo Uingereza haitusaidii sana hapa, upande wowote.

Kuna aliyesema pointi za Agosti ni sawa na pointi za Mei, na mwenye kungoja Desemba atakuta ligi imeshaamuliwa. Ni kweli, ligi ni mechi 34 na kila moja ina pointi tatu zile zile. Lakini hoja hiyo inakata pande zote mbili. Mechi tatu kati ya 34 ni kidogo mno kumjua kocha, hasa kocha aliyecheza zote bila wachezaji wake wapya. Nikiambiwa niweke mpaka, ningesema tumpe mechi kumi akiwa na kikosi kilichosajiliwa kamili. Akifeli hapo, mimi mwenyewe nitasimama kumwambia asante, kwaheri. Mtu akiona kumi ni nyingi aseme saba, tujadiliane. Ila tatu, tena bila leseni, hapana.

Halafu kuna hoja ya kiingilio. Shabiki amelipa tiketi, amelipa matatu kutoka Ahero au Maseno, ameacha biashara yake Jumapili nzima, kwa hiyo ana haki ya kusema. Ana haki kabisa. Sitamwambia mtu aliyelipa anyamaze, na wanaotaka mashabiki wakae kimya kama waumini wakati wa mahubiri sikubaliani nao. Kuzomea ni sehemu ya mpira. Kurusha chupa na kumfuata kocha hadi kwenye gari lake si sehemu ya mpira, na safari hii kulikuwa na vijana waliofanya hivyo. Omera, yule kocha alikuwa na mtoto wake garini. Klabu ikipigwa faini au kuamriwa kucheza bila mashabiki, ni mapato ya langoni yale yale tunayoyalilia yanayopotea.

Na tukiwa bado langoni, tuulize wangapi kati yetu tunaoimba kocha aende tuliingia kwa tiketi. Kila mechi kubwa hapa watu wanapita kwa kusukumana, wengine wanamshika mkono askari wa geti, wengine wanaruka ukuta. Pesa hizo ndizo nauli ya timu kwenda Mombasa. Ndizo chakula cha wachezaji. Anayeruka ukuta kisha akadai kikosi kizuri anadai kitu alichokataa kukichangia.

Tofauti yetu na shabiki wa Manchester au London ni kwamba sisi hapa tunaweza kuwagusa wenye madaraka. Gor Mahia na AFC Leopards ni klabu za wanachama. Viongozi wao huchaguliwa kwa kura. Sheria ya Michezo ya 2013 ilileta Msajili wa Michezo, na klabu zinapaswa kujisajili kwake. Klabu yetu nayo ina katiba na mkutano wa kila mwaka. Nimehudhuria mikutano hiyo na viti vingi vilikuwa vitupu. Watu elfu kadhaa uwanjani, wachache ukumbini, na humo ukumbini ndimo hesabu zinaposomwa na kupitishwa haraka haraka kabla ya soda. Shabana waliporudi ligi kuu mwaka 2023, baada ya kukaa nje tangu 2006, mashabiki wa Tore Bobe, kama Shabana wanavyoitwa, walikuwa wamewafuata katika viwanja vibovu vya madaraja ya chini miaka yote hiyo. Hapo Kisii tu, si mbali. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba shabiki wa upande huu hana subira. Anayo. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha ni nani hasa wa kumuuliza.

Wazee waliokuwepo 1987, Gor walipochukua Kombe la Washindi Afrika mbele ya Esperance ya Tunis, wana mizani yao ya kupimia timu zote zilizofuata, na nawaheshimu. Lakini hata wao wanajua kikosi kile hakikujengwa kwa majuma matatu.

Basi tuendelee. Wanaotaka kocha aondoke wiki hii, nawaomba msinijibu kwa matusi wala kwa jina la timu ninayoshabikia Uingereza. Nijibuni haya: mkataba wake umebakisha miezi mingapi, atalipwa kwa pesa ipi, nani atasimamia mazoezi Jumatano asubuhi, na wale wachezaji waliokaa jukwaani Jumapili watapata leseni lini? Mwenye majibu hayo nitamsikiliza hadi mwisho, na akinishawishi nitabadilisha msimamo.