Jumanne nafungwa vyuma vya meno nikiwa na miaka 33. Nijiandae vipi?

kalamu_nyekundu:
Habari za wakati huu ndugu zangu. Jumanne ijayo nafungwa vyuma vya meno, juu na chini. Meno yangu ya mbele yamepandana tangu yalipoota ya ukubwani, na nimezoea kufunika mdomo kwa kiganja kila ninapocheka, hadi mkono unajiendea wenyewe. Daktari bingwa wa kupanga meno amenipiga eksirei, amepima taya, ameng'oa magego madogo mawili ya juu ili nafasi ipatikane, na amenikadiria miezi 20.

Nilikuwa na maswali tele, lakini nilipolala kwenye kile kiti yote yakapotea. Siku yenyewe inauma? Mimi ni mwalimu, naongea karibu kutwa nzima, matamshi yatabadilika? Na kubwa zaidi: sijachelewa? Dada yangu anasema mifupa imeshakomaa, napoteza muda. Naombeni uzoefu wenu wa kweli, hata kama ni wa kutisha.

Mzeituni:
Hongera kwa kufikia uamuzi. Kuhusu siku ya kufungwa, ondoa hofu kabisa. Mimi sikuchomwa sindano wala kutobolewa jino. Unawekewa kitu cha kutanua midomo, meno yanasafishwa na kukaushwa, kisha yanapakwa dawa yenye asidi ili gundi ishike. Ikigusa ulimi utasikia uchachu mkali. Halafu breketi, vile vidude vidogo vya mraba, zinabandikwa jino kwa jino na kumulikwa taa ya buluu ili gundi igande. Waya unapitishwa mwisho. Kwangu ilichukua kama saa moja na nusu, na kilichonichosha ni mdomo kukaa wazi muda wote huo.

Maumivu yanakuja saa chache baadaye, na siku ya pili ndiyo ngumu. Hayachomi kama ya jino bovu. Ni kama kila jino limegongwa, na ukikutanisha ya juu na ya chini unaruka. Siku hiyo mkate laini ulinishinda, nikauloweka kwenye supu. Siku ya tano nilikuwa nimesahau. Parasetamoli inasaidia, ila dawa nyingine muulize daktari kwanza.

Nyuki_wa_alfajiri:
Kwangu shida haikuwa meno, ilikuwa mashavu. Wiki ya tatu niliamka saa nane usiku nina ladha ya damu mdomoni. Meno yakianza kujipanga, waya huteleza na ncha ya nyuma inachomoza, na ile yangu ilikuwa imeshachimba shavu. Nilichukua kifutio cha penseli, nikakiosha, nikaisukuma ncha ilale. Kisha nikakausha pale kwa karatasi laini, nikaviringisha nta laini ya kufunika vyuma iwe kama punje na kuikandamiza juu yake. Mahali penye mate nta haishiki, kwa hiyo usiruke hatua ya kukausha. Asubuhi nikapiga simu, wakakata ncha kwa dakika mbili.

Basi omba nta kabla hujashuka kwenye kiti. Vidonda vya wiki za mwanzo sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, vitapoa. Matamshi nayo yatayumba siku chache, hasa "s" na "z". Soma kwa sauti ukiwa peke yako, ulimi unazoea haraka.

baba_wa_wawili:
Mimi nilifungwa nikiwa na miaka 41, na swali lako nilimuuliza daktari wangu. Akanichorea kwenye karatasi. Jino halijagandana na mfupa, kati yao kuna nyuzi laini zinazolishika. Waya ukilisukuma jino, upande unaobanwa mwili unamomonyoa mfupa, na upande linakotoka unajenga mpya. Kazi hiyo mwili hauachi kwa sababu ya umri. Nafasi ya jino lililong'olewa huzibika takriban milimita 1 kwa mwezi, ndiyo maana kazi hii huhesabiwa kwa miezi, si kwa wiki.

Kinachozuia ni fizi zinazougua au mfupa uliopungua. Kama una ugaga, usafishwe kabla ya Jumanne. Meno yakianza kucheza kidogo usishtuke, ndivyo yanavyohama. Nakuomba pia, usimsihi daktari akaze zaidi ili umalize mapema. Nguvu kubwa haiharakishi, na inaweza kula ncha za mizizi.

msaidizi_wa_kinywa:
Nafanya kazi kwenye chumba cha meno, na kuna jambo linaniumiza kila nikiliona. Mtu anakuja kufunguliwa, meno yamenyooka vizuri, lakini kila jino lina mraba msafi uliozungukwa na weupe kama chokaa. Hapo jino limepoteza madini kwa sababu ya utando uliokaa pembeni ya breketi miezi na miezi. Madoa hayo mara nyingi hayaondoki kabisa. Miaka miwili ya uvumilivu, halafu unabaki na hilo.

Kwa hiyo dada, kila baada ya kula: brashi ya nyuzi laini, dawa yenye floraidi, piga juu ya waya ukiielekeza chini, kisha chini ya waya ukiielekeza juu, halafu brashi ndogo ya kupenyeza katikati. Usinywe vinywaji vya sukari kidogo kidogo kutwa nzima. Barafu, karanga na pipi za kunata acha kabisa, tunda gumu likate vipande. Breketi ikibanduka piga simu siku hiyo hiyo. Na kama hereni hukuwasha masikio, mwambie daktari mapema, maana nyaya nyingi zina nikeli, metali ambayo baadhi ya watu huwawasha.

simulizi_fupi:
Nami niseme ya siku ya mwisho. Nilipofunguliwa nililia mbele ya kioo kwa furaha. Nikapewa riteina, kile kifaa cha kuvaa ili meno yasirudi yalikotoka: mchana na usiku miezi ya mwanzo, kisha kila usiku. Baada ya miezi minne nikasafiri nikaisahau nyumbani. Niliporudi haikuingia. Leo jino langu moja la chini limegeuka tena, na niliambiwa mapema, sina wa kumlaumu. Tafadhali ihesabu riteina kuwa sehemu ya matibabu.

kalamu_nyekundu:
Nimerudi, leo Alhamisi. Mzeituni, uchachu niliusikia, na mkate umenishinda kweli. Nta ninayo mfukoni. Dada yangu nimemsomea maelezo ya baba_wa_wawili mara mbili, akaomba namba ya daktari.

Leo darasani neno "sisi" lilinitoka na mluzi. Mtoto wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, umeumia?" Nikafungua mdomo nikawaonyesha wote, wakasogea kutazama, na nikacheka nao. Mkono sikuuinua.

Swali moja: zile raba za kuvuta meno ya juu na ya chini nitaanza lini?

Mzeituni:
Si kila mtu anazihitaji. Mara nyingi huja baadaye, meno yakishanyooka na waya mzito umewekwa. Ukipewa, huenda ukaambiwa uvae zaidi ya saa 20 kwa siku na kubadilisha kila siku. Weka pakiti moja nyumbani na nyingine kwenye mkoba wa kazini.