Fohendi yangu ya topspini inaishia kwenye wavu kila ninapokatiwa mpira: naomba ushauri

Mleta uzi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Nina umri wa miaka 34, nacheza mpira wa meza kwa mkono wa kulia, na kwa miaka miwili sasa nafanya mazoezi mara tatu kwa wiki katika ukumbi mmoja hapa Morogoro, ambako tuna meza mbili na hatuna mwalimu. Tatizo langu ni fohendi (mpigo wa upande wa mkono ulioshika raketi) ya topspini, yaani ule mpigo wa kuusugua mpira ili uende ukizunguka kwa mbele na kuzama upande wa pili wa meza. Mpinzani akinibloki tu, yaani akiukinga mpira kwa raketi bila kuupiga, mpigo huo unakubali. Lakini akinikatia mpira kwa chini, ukaja ukizunguka kinyumenyume, mipira saba kati ya kumi huishia kwenye wavu, na nikijitahidi kuuinua zaidi, hupita mwisho wa meza bila kuigusa.

Nilimwomba kijana mmoja anirekodi kwa simu, nikaona kwamba mkono wangu unaanzia nyuma kabisa ya mgongo na kuishia juu ya bega la kushoto. Bega la kulia huniuma kesho yake. Raketi yangu niliinunua ikiwa na raba zake tayari, yaani zile ngozi zinazobandikwa pande mbili za raketi, na sijawahi kuzibadilisha. Naomba mnielekeze nianzie wapi, kwa sababu pale ukumbini kila mtu ana lake: mmoja anasema nizungushe kifundo cha mkono, mwingine anasema nipige kwa nguvu zaidi.

Raketi Kongwe

Ndugu yangu, anayekuambia uongeze nguvu hajakusaidia. Mpira uliokatwa unapogusa raba, mzunguko wake huusukuma kwenda chini, na ndiyo maana unazama kwenye wavu hata pale unapoamini kwamba uso wa raketi ulikuwa sawasawa. Ukiongeza nguvu ya kwenda mbele bila kuongeza mwinuko, unachofanya ni kuufikisha wavuni mapema.

Anza na miguu. Mguu wa kulia uwe nyuma kidogo, magoti yakunjwe, na bega la kulia lishuke mpaka raketi ifike usawa wa goti. Ishuke kwa sababu mwili umeshuka, si kwa sababu umenyoosha mkono peke yake. Kisha kiuno kigeuke kwanza na mkono ufuate. Huo mkono unaoanzia nyuma ya mgongo ndio unaokuchelewesha, na bila shaka ndio unaokuumiza bega, kwa kuwa kazi ya kiuno na paja umeliachia bega peke yake. Kipimo changu ni hiki: ukiwa umejiandaa kupiga, uweze kuiona raketi yako kwa pembe ya jicho, na ukimaliza, raketi isimame karibu na paji la uso kama askari anayepiga saluti.

Uguse mpira mbele ya nyonga ya kulia, ukiwa umefika kileleni au umeanza kushuka kidogo. Wala usiogope kuupitisha juu. Wavu una urefu wa sentimita 15.25 tu na meza ina urefu wa mita 2.74, na mpira wenye topspini ya kweli huvutwa chini na hewa, kwa hiyo unaweza kupita kiganja kizima juu ya wavu na bado ukatua mezani. Wengi wetu tunakosa kwa sababu tunaulenga wavu kama vile tunapiga smashi, ule mpigo wa nguvu wa moja kwa moja.

Habari ya kifundo cha mkono iache kwa sasa. Shika raketi kama unavyoshika kifaranga: asikuponyoke, lakini pia usimkabe.

Mdau wa Tanga

Kwa heshima zote, mkuu Raketi Kongwe ameruka jambo la kwanza. Raketi inayouzwa ikiwa imeshabandikwa raba, ikatumika miaka miwili katika ukumbi wenye vumbi, mara nyingi imebaki kuwa ubao wenye rangi. Ndugu mleta uzi, chukua mpira, uubonyeze kidogo juu ya raba kwa vidole, kisha ujaribu kuusogeza pembeni. Raba iliyo hai huung'ang'ania mpira na kuvutika pamoja nao. Iliyokufa huuacha uteleze kama kwenye kioo. Angalia pia pale katikati unapogongea kila siku, uone kama pamekuwa na mng'ao kuliko kingo. Ikiwa ndivyo, ubadilishe mtindo mara mia moja, mpira hautazunguka.

Tahadhari moja: usiende kununua Hurricane 3 kwa sababu tu Ma Long, bingwa wa Olimpiki kutoka China, aliitumia. Ile ni raba ngumu yenye kunata, na inadai mwendo mrefu na mwili wenye mazoezi ya kila siku. Tafuta raba ya ugumu wa kati, yenye sponji (lile tabaka laini la chini yake) isiyo nene sana, na baada ya mchezo uifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Raketi Kongwe

Kuhusu raba nakubali, ndugu wa Tanga. Ila nimeona watu wakinunua raba mpya na kurudi na kosa lilelile.

Mama Wawili

Nawafundisha vijana wa mtaani kwetu, na kosa hili naliona kila wiki. Nitaongeza mawili.

La kwanza ni namna ya kuusugua mpira. Wazee waliotufundisha walisisitiza kuukwangua kwa juujuu tu, na hawakukosea, kwa kuwa walijifunzia mpira mdogo wa milimita 38 wa seluloidi. Mwaka 2000 mpira ukawa wa milimita 40, na kuanzia 2014 ukaingia ule wa plastiki, ambao haushiki mzunguko kirahisi kama zamani. Leo ukiukwangua juujuu mpira uliokatwa vizuri, unateleza na kuangukia upande wako. Inabidi uuache uzame kwanza kwenye sponji, kisha uuvute kwenda juu na mbele.

La pili ni namna ya kulihisi jambo hilo, kwa sababu maneno hayatoshi. Tafuta gurudumu kuukuu la baiskeli, mtu alishike kwa ekseli usawa wa kiuno chako, nawe ulisugue tairi kwa raketi kutoka chini kwenda juu. Ukilipiga, linatoa mlio wa "pa!" na kuzunguka kidogo. Ukilipapasa, raketi inateleza na gurudumu linabaki pale pale. Ukiligandamiza kidogo huku ukivuta, spoku zinapotea machoni na unasikia upepo wake. Mkono ukishaonja tofauti hiyo hausahau. Tumia raketi ya zamani, maana tairi huacha weusi kwenye raba.

Baada ya hapo mwombe mwenzako akukatie mipira hamsini mfululizo, sehemu ileile na mwendo uleule, nawe upige kwa nusu ya nguvu zako.

Mleta uzi

Nawashukuru sana. Jaribio la Mdau wa Tanga limeniumbua: mpira uliteleza kama sabuni. Swali moja, dada Mama Wawili: je, mkono unyooke au ukunjwe? Nimemtazama Quadri Aruna wa Nigeria, aliyefika robo fainali ya Olimpiki mwaka 2016, na mkono wake unatoka mbali sana.

Mama Wawili

Aruna mtazame kwa kufurahi, usimwige. Anasimama mbali na meza, ana mwendo wake mwenyewe, na miguu inayomrudisha mahali pake kabla mpira haujarudi. Wewe ukunje kiwiko kiasi, kipana kidogo kuliko pembemraba, na ukifunge kidogo zaidi wakati wa kuugusa mpira.

Mleta uzi

Narudi baada ya wiki tatu. Nimebadilisha raba ya upande wa fohendi, na gurudumu tulilipata kwa fundi baiskeli, ambaye alidhani tunamtania. Sasa mipira mitatu au minne kati ya kumi ndiyo inayoishia wavuni, na bega haliumi tena. Ila limezuka jingine: nikishauinua mpira uliokatwa, mpinzani anabloki, unarudi haraka, nami naupiga juu mpaka ukutani.

Raketi Kongwe

Hapo unapiga mpira wa pili kwa mwendo wa ule wa kwanza. Mpira uliobloki­wa kwa kawaida haurudi ukizunguka kinyumenyume kama uliokatwa, kwa hiyo raketi isishuke tena gotini. Ianzie usawa wa kiuno, uso uinamie meza zaidi, mwendo uwe mfupi wa kwenda mbele, na uuguse ungali unapanda au umefika kileleni. Mwambie mwenzako akate mmoja, abloki mmoja, kwa zamu, mpaka magoti yako yajue yenyewe lini yashuke na lini yabaki.