Mlevi wa mnazi: hataki kuacha, au hawezi?

Mama wa Barani: Wenzangu wa Malindi, nauliza. Wazee wanasema mlevi afungiwe chumbani mpaka akili imrudie. Sikio la kufa halisikii dawa, basi dawa yake kufuli. Wetu yuko ndani tangu jana usiku. Mwaonaje?

Muuguzi: Fungueni, mumpeleke hospitali leo! Anayekunywa kila siku kwa miaka, ubongo wake umeshajipanga na pombe. Pombe hupooza neva, nao ubongo huzidisha nguvu za kuamsha ili mtu asizubae kutwa. Ukiikata ghafla, breki imetoka na mafuta bado yamekanyagwa. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka kifafa. Siku ya tatu hivi anatetemeka, ana homa, anaona visivyokuwapo. Mtasema ana majini, kumbe ni pombe iliyokatwa. Wengine hufa.

Mama wa Barani: Yarabi. Natoka sasa hivi.

Mgema, Ganda: Mimi nina mteja aliyeacha mwenyewe alipooa, bila daktari wala mganga. Kama ni ugonjwa wa ubongo, nani alimtibu?

Muuguzi: Wapo wengi wa namna hiyo, mzee, sikatai. Ubongo uliojifunza kunywa unaweza kujifunza kuacha, ila watu hawalingani. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo humwambia mtu "ngoja kwanza", na ndiyo pombe huidhoofisha. Huku dopamini, kemikali ya hamu ubongoni, imeshaunganisha mnazi na mangwe, pale wanaponywea, na vicheko vya wenzake, hata na njia ya kwendea. Akipita tu, hamu inaamka kabla hajafikiri. Huyo wako alipooa alibaki Ganda?

Mgema, Ganda: Alihamia Watamu, kwa wakweze.

Muuguzi: Haya.

Kijana wa Maweni: Mwenye arosto ya unga, yaani heroini, hospitali ya Malindi inampa methadoni, dawa ya kuituliza, tunamwita mgonjwa. Wa mnazi tunamwita hana haya. Naltreksoni, inayopunguza raha ya pombe, Marekani iliiidhinisha kwa walevi tangu 1994. Mbona hatuiulizii?

Mgema, Ganda: Iulizieni. Lakini mkifunga mangwe watahamia chang'aa, na ikiwa na methanoli, spiriti ya sumu, mtu hupofuka.

Muuguzi: Sijasema mfunge. Nasema aliyeacha asipite hapo miezi ya mwanzo, nanyi msimwite.

Mgema, Ganda: La kufunga tumeelewana. La kutomwita, namdai deni la miezi mitatu.