PostgreSQL 16: mashine ya programu haiifikii kanzidata, na logi ziwekwe vipi?

mtunza_kanzidata

Habari zenu wakuu. Ninasimamia kanzidata ya chama cha akiba na mikopo hapa Tanzania, inayoendeshwa kwa PostgreSQL 16 (programu ya kusimamia kanzidata) juu ya Ubuntu Server 24.04. Awali programu ya ofisi na kanzidata yake vilikaa kwenye seva moja. Sasa imenunuliwa mashine ya pili na programu imehamishiwa huko. Kanzidata ina anwani 10.20.0.5 na programu ina 10.20.0.8, zote zikiwa kwenye mtandao mmoja wa ndani.

Katika faili la /etc/postgresql/16/main/postgresql.conf nimeondoa alama ya reli (#) mbele ya listen_addresses, mpangilio wa anwani ambazo seva husikiliza, nikaandika '*' badala ya 'localhost', kisha nikaiagiza seva isome upya mipangilio kwa SELECT pg_reload_conf(). Nayo ikajibu t, yaani kweli. Hata hivyo, nikijaribu kuunganisha kwa psql, zana ya amri ya PostgreSQL, kutoka mashine ya programu, jibu linarudi papo hapo: Connection refused.

Jambo la pili ni logi, yaani kumbukumbu ya matukio ambayo seva huiandika. Uongozi unataka ijulikane nani anaingia kwenye kanzidata na saa ngapi, na mimi mwenyewe nataka kujua kwa nini ripoti za mwisho wa mwezi zinachelewa. Nimeshauriwa niweke log_statement = 'all', inayoandika kila hoja (amri) inayotumwa kwa kanzidata, lakini nasita kwa sababu sehemu ya /var ina GB 20 tu. Naomba mawazo yenu.

fundi_wa_mitandao

Mkuu, jibu ulilolipata lina maana yake, na ni vizuri kulisoma kabla ya kugusa faili jingine. Kukataliwa papo hapo kwa kawaida kunaonyesha kwamba ombi limefika kwenye mashine ya 10.20.0.5, ila hakuna kinachosikiliza poti 5432 kwenye anwani hiyo. Fayawoli ya ufw inapozuia, humeza ombi kimya kimya, nawe husubiri mpaka muda unakwisha bila jibu lolote. Na kama PostgreSQL yenyewe ingelipokea ombi na kulikataa, ungeona ujumbe unaoanza na FATAL unaotaja pg_hba.conf, faili linaloamua nani aruhusiwe kuunganisha na kutoka wapi. Ni vizuizi vitatu tofauti, na kila kimoja kina jibu lake.

Hapa kilichotokea ni kwamba listen_addresses husomwa wakati seva inapowashwa tu. Ile t ya pg_reload_conf inathibitisha kwamba ishara imetumwa, haithibitishi kwamba kila badiliko limeanza kazi. Hakikisha mwenyewe:

SELECT name, setting, pending_restart FROM pg_settings WHERE name = 'listen_addresses';

Safu ya pending_restart ikionyesha t, badiliko linangoja seva izimwe na kuwashwa. Subiri ofisi ifungwe, kwa kuwa miunganisho yote iliyopo itakatika, kisha toa amri sudo systemctl restart postgresql@16-main na uangalie kwa ss -ltn kama poti 5432 imefunguka.

Nakusihi, lakini, usiiache ile '*'. Andika listen_addresses = 'localhost,10.20.0.5', ili siku mashine itakapoongezewa kadi nyingine ya mtandao kanzidata isijikute imefunguliwa kule pia bila mtu kuamua hivyo. Kuna tahadhari moja katika njia hii: seva ikiwaka kabla mtandao haujapata anwani yake, PostgreSQL huandika onyo kwenye logi na kuendelea na localhost peke yake, nawe utadhani mipangilio imefutika. Iagize systemd, inayowasha huduma za Ubuntu, isubiri network-online.target (hatua ya mtandao kuwa tayari) kabla ya kuiwasha huduma hiyo.

Baada ya hapo utakutana na kizuizi cha pg_hba.conf, na hicho kinahitaji mstari mmoja tu:

hostssl mikopo programu 10.20.0.8/32 scram-sha-256

Badilisha jina la kanzidata na la mtumiaji yawe ya kwenu. Faili hili husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana na ombi ndio unaoamua. Nywila ikikataliwa hapo, seva haishuki kujaribu mstari unaofuata. Kwa hiyo mstari mpana wa 0.0.0.0/0 (anwani zote) ukiwekwa juu huifanya mistari yote makini iliyo chini yake kuwa pambo, na neno trust, linaloruhusu kuingia bila nywila, halina nafasi kabisa kwenye kanzidata yenye fedha za wanachama. Faili hili halihitaji seva izimwe. Kusomwa upya kunatosha, na SELECT * FROM pg_hba_file_rules; itakuonyesha kosa la uandishi, kama lipo, katika safu ya error.

Kwa upande wa fayawoli, sudo ufw allow from 10.20.0.8 to any port 5432 proto tcp inatosha. Kuhusu usimbaji, kifurushi cha Ubuntu huja na ssl ikiwa imewashwa kwa cheti cha kujitengenezea. Ukiweka sslmode=require upande wa programu, data itasimbwa, ila programu haitahakikisha kwamba inazungumza na seva iliyo sahihi. Hakikisho hilo hutolewa na verify-full, ambayo inahitaji cheti chenye jina la seva yenu.

msomaji_wa_logi

Naongeza upande wa logi, kwa sababu umefanya vyema kusita. Tatizo la log_statement = 'all' si diski peke yake. Mpangilio huo huandika kila hoja pamoja na thamani zake, yaani majina, salio na namba za simu za wanachama, kwenye faili la kawaida la maandishi ambalo mara nyingi hunakiliwa bila uangalifu ule unaopewa kanzidata. Kwa kuwa nchini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si jambo la kupuuzia. Weka 'ddl', ambayo huandika mabadiliko ya muundo wa majedwali na ya watumiaji. Hata hapo, usibadilishe nywila kwa kuandika ALTER ROLE kwa mkono, kwani nywila itaonekana wazi kwenye logi. Tumia \password ndani ya psql, ambayo huisimba kabla ya kuituma.

Ningeanza na mistari hii:

log_connections = on
log_disconnections = on
log_line_prefix = '%m [%p] %u@%d %h %a '
log_timezone = 'Africa/Dar_es_Salaam'
log_min_duration_statement = '1s'
log_parameter_max_length = 0
log_lock_waits = on
log_temp_files = '10MB'

Yote haya huanza kazi kwa kusoma upya mipangilio. Angalia log_timezone kwa makini: seva iliyosakinishwa kwa saa za UTC huandika tukio la saa tano asubuhi kama 08:00, na atakayekagua baadaye atamtuhumu mtu ambaye hakuwepo kazini. log_temp_files ndiyo ninayoitegemea kwa ripoti zako, kwa sababu work_mem ya awali ni MB 4 tu, na ripoti inayopanga rekodi nyingi huimaliza haraka na kuanza kuandika mafaili ya muda kwenye diski.

Uongozi, hata hivyo, uelezwe jambo moja mapema. Logi hii itaonyesha mtumiaji aitwaye “programu” kutoka 10.20.0.8, basi. Haitaonyesha kama aliyefungua akaunti ya mwanachama ni mhasibu au ni karani, kwa sababu wote hupitia muunganisho uleule wa programu, ambao huenda ukabaki wazi siku nzima. Swali lao halisi linajibiwa ndani ya programu, kwa jedwali la ukaguzi linaloandika jina la mfanyakazi, kitendo na wakati.

Kwenye Ubuntu logi hukaa katika /var/log/postgresql/postgresql-16-main.log, na logrotate, zana ya kufunga faili la logi na kuanza jipya, huigeuza kila wiki na kuhifadhi kumi. Kwa GB 20 ningeigeuza kila siku, kupitia /etc/logrotate.d/postgresql-common.

mtunza_kanzidata

Nashukuru sana, wakuu. Baada ya kuwasha upya na kuongeza mstari wa hostssl, programu imeunganishwa. Limebaki moja: nimeandika log_min_duration_statement = '1s' (ili hoja zinazochukua sekunde moja au zaidi ziandikwe) na kusoma upya mipangilio, lakini amri ya SHOW bado inarudisha -1, yaani imezimwa.

fundi_wa_mitandao

Iulize seva yenyewe imeitoa wapi thamani hiyo:

SELECT setting, source, sourcefile, sourceline FROM pg_settings WHERE name = 'log_min_duration_statement';

Ukiona postgresql.auto.conf, basi kuna aliyewahi kutumia ALTER SYSTEM, amri inayobadilisha mipangilio kutoka ndani ya kanzidata, na faili hilo hulishinda postgresql.conf siku zote. Usilihariri kwa mkono. Toa ALTER SYSTEM RESET log_min_duration_statement. Kisha soma upya. Ukiona source ni user au database, mpangilio umewekwa kwa ALTER ROLE au ALTER DATABASE, na uondolewe hukohuko.