Samli ipi ya kila siku? (gumzo la familia)

Dada Mkubwa: Hamjambo wote, naombeni ushauri wa haraka. Mama tumbo linamjaa kila akila chakula cha mafuta na mnamjua, habari ya kuacha samli hataki hata kuisikia. Sa nipo dukani, kuna kopo la samli ya ng'ombe, la nyati (wale wa kufugwa), na lingine la samli ya mimea ambalo ndo bei nafuu. Nibebe lipi la kupikia kila siku??

Kaka: Beba la mimea, limeandikwa halina kolestro

Shangazi: Subiri mwanangu usilipe kwanza. Geuza hilo kopo la mimea unisomee viambato

Dada Mkubwa: Mafuta ya mawese, mafuta ya mimea yaliyotiwa haidrojeni, rangi, ladha ya samli

Shangazi: Ndo nilichokuwa naogopa. Hayo ni mafuta ya maji yamegandishwa kiwandani halafu yakapewa rangi na harufu, samli hapo ni jina tu. Na yakigandishwa nusunusu yanabaki na yale mafuta ya transi ambayo yanapandisha kolestro mbaya na kushusha nzuri kwa wakati mmoja, ndo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2018 wanazitaka nchi ziyaondoe kabisa kwenye chakula. Kwa hiyo "halina kolestro" ni kweli kopo lenyewe halina, ila mwili wako ndo utaitengeneza. Rudisha

Kaka: Sawa shangazi lakini ya ng'ombe nayo si mafuta mazito tu?

Shangazi: Ni mazito sikatai. Kijiko kikubwa kimoja kina kama gramu 14 na zaidi ya nusu ni yale yanayoganda. Kwa mtu anayekula kalori 2000 kwa siku, mafuta ya aina hiyo yasizidi kama gramu 22, na hapo unahesabu nyama na maziwa pia, sa vijiko viwili tu vya samli vishakaribia kumaliza zote. Mi nasema achukue samli halisi lakini kidogo, kuliko ya bandia kwa wingi

Mama Mdogo: Na maziwa je? Dada yangu, mama yenu, akinywa maziwa tumbo linaunguruma usiku kucha, samli si ni maziwa hayohayo

Shangazi: Samli haimsumbui hivyo mdogo wangu. Uliza mtu yeyote anayeipika, siagi ikiwa motoni inapiga kelele pwapwapwa, hayo ni maji yanaondoka, povu jeupe linapanda juu, halafu kelele zinapungua na chini ya sufuria unaona machicha yanageuka kahawia na harufu inabadilika inakuwa kama ya karanga za kukaanga. Hapo unaepua na kuchuja haraka kabla hayajaungua. Yale machicha ndo protini na sukari ya maziwa, ukichuja vizuri inabaki chembe tu, na ndo maana samli inavumilia moto mkali wakati siagi inaungua mapema. Ila mwenye mzio wenyewe wa maziwa, yaani anayevimba au kubanwa pumzi, huyo hata samli aiogope

Binamu: Mi nilisikia samli ina asidi ya butiriki, aina fulani ya mafuta, inatibu utumbo, watu wanakunywa kijiko asubuhi na maji moto

Shangazi: Ipo kweli ila kidogo, na inafyonzwa huko juu kwenye utumbo mwembamba. Ile inayolisha utumbo mpana inatengenezwa na bakteria wetu wenyewe wakipata nyuzinyuzi, maharage, mboga, matunda na maganda yake. Mama akiongeza mboga atasaidika kuliko kunywa samli jamani

Dada Mkubwa: Ya nyati ni nyeupe pepepe, ya ng'ombe ina unjano. Ipi laini kwa tumbo?

Shangazi: Kwa tumbo hutaona tofauti. Unjano ni karotini ya majani aliyokula ng'ombe, nyati anaigeuza karibu yote kuwa vitamini A ndo maana yake inabaki nyeupe. Beba ya ng'ombe kama ndo ladha anayoipenda, kiambato kiwe kimoja tu, mafuta ya maziwa. Ukikuta chengachenga ndani usishtuke, inaganda hivyo. Na chukua kopo dogo, mchote kwa kijiko kikavu

Dada Mkubwa: Poa

Shangazi: Lakini muulize hilo tumbo, linajaa tu au lina maumivu upande wa kulia chini ya mbavu? Maana mafuta yoyote yanachelewesha tumbo kumwaga chakula, ila maumivu ya pale baada ya kula mafuta yanaweza kuwa mawe kwenye mfuko wa nyongo na hapo hakuna samli ya kuchagua, ni hospitali

Dada Mkubwa: Nimempigia. Anasema hakuna maumivu, ni kujaa na kubeua tu. Ila kaniambia sufuria moja ya mboga anatia vijiko vinne 😳 na anakula mwenyewe mchana na jioni

Shangazi: Vinne!! Basi aunge na kimoja, na usiku ale mapema asilale na chakula kifuani. Ajaribu wiki mbili, likiendelea kujaa hivyohivyo au akianza kupungua uzito mpeleke kwa daktari hata kama haumwi

Dada Mkubwa: Sawa shangazi. Nimebeba la ng'ombe dogo, na maharage