Mzazi pekee uliyejiajiri Dodoma: elfu 60 ya mwezi ianzie wapi? Kikundi, NSSF, bima au kikoba?

MamaNtilie_Nkuhungu – 12 Septemba 2024

Habari zenu wana Dodoma. Nina miaka 34, watoto wawili: mmoja darasa la tano, wa pili ana miaka mitatu. Baba yao yupo hai, tena hapa hapa Ihumwa anafanya ujenzi, ila simu yangu hapokei. Nauza chakula upande wa Mtumba, kule kwenye majengo ya serikali. Siku njema nabaki na 15,000 nikishatoa mchele, mkaa na nauli. Siku mbaya nabaki na sufuria la wali, tunakula wenyewe mpaka kesho yake.

Nikijibana sana natenga 60,000 kwa mwezi. Shoga yangu anasema nijiunge kikundi nipate mkopo wa halmashauri. Kaka yangu anasema NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, niwekeze pensheni. Mama yangu kule Mpwapwa anasema niende TASAF, ule mfuko wa ruzuku za kaya maskini, utadhani ni duka. Kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, nimeshaonja mwaka jana, sirudi. Nilinganishieni, nianze na lipi?

Kizota_Cherehani

Dada, kwanza toa kichwani hilo la "msaada wa singo maza". Dirisha la jina hilo halipo. Wewe unaingia kwa mlango mwingine: kama mwanamke, kama kaya maskini, au mtoto ndiye anakuingiza. Ukilijua hilo utapunguza safari za ofisini.

Mkopo wa halmashauri unatoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Riba hakuna, hilo ni kweli kabisa. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarudishwa 2024, na Jiji letu lilikuwa kati ya halmashauri kumi zilizopangwa kuanza kwa kupitia benki. Mnatakiwa msiopungua watano, katiba ya kikundi, usajili, akaunti. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, usianzie kwa mtu anayejiita "mratibu" na kutaka hela ya fomu.

Sasa yasiyosemwa. Sisi tulikuwa watano. Tukapata, tukanunua vyerehani na ovaloki moja. Mwenzetu mmoja akahamia Singida, na ovaloki ikahamia Singida. Marejesho tukabaki nayo wanne, na deni la kikundi halimjui aliyekimbia. Miezi saba nilishona sare za watoto wa watu, wangu akienda shule na shati lenye kiraka. Kwa hiyo mkopo ni mzuri, ila unachagua watu kwanza, hela baadaye.

Hesabu_za_Daftari

Kizota kasema vizuri, ila mkopo si msaada, ni deni lenye adabu. Kwa mtu mwenye watoto wawili na hana wa kumwachia, mimi ningeanza na ugonjwa. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, kwa 2024 ni 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita. Kwa mwaka, sio kwa mwezi! Hiyo ni nusu tu ya ulichotenga mwezi huu, na nyie watatu mmeingia. Inaanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kufuata rufaa, ukiruka ngazi imekula kwako. Dawa wakati mwingine utaambiwa kanunue nje, nisikudanganye, imenikuta. Toto Afya Kadi, bima ya watoto, ya mmoja mmoja ilisitishwa 2023, ikapelekwa kwa usajili wa kupitia shule, kwa hiyo ulizia kwanza ipoje kwa sasa.

NSSF mimi nachangia kwa hiari, elfu 20 kila mwezi tangu 2021. Pensheni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Wewe una 34, ukianza leo unafika vizuri kabla ya 55. Lakini usiiweke mbele ya bima. Mtoto akishikwa na malaria usiku, pensheni haimpeleki kituo cha afya.

Na weka daftari, mama. Kodi ya mapato kwa sisi wadogo inaangalia mauzo, sio unachobaki nacho. Mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4 hulipi. Kati ya 4 na 7, asiye na kumbukumbu anakadiriwa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Mimi mwaka juzi niliuza milioni 5, nikalipa 30,000. Jirani yangu mwenye biashara ileile alilipa laki. Daftari la mia tano limeniokolea elfu 70. Wewe muuza chakula mauzo yako makubwa kuliko unavyodhani, sahani zinajumlishwa zote. Uliza mapema ukiwa na namba mkononi.

Boda_wa_BahiRoad

Mnasema wanawake tu, na sisi? Nina miaka 52, mke wangu alifariki 2020, nina watatu. Kwenye 4 ya wanawake simo, ya vijana simo, ulemavu sina. Nilijiona nimefungiwa milango yote.

Kilichonisaidia ni kitu ambacho sikukifikiria: marehemu alikuwa mwalimu, anachangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Nilikaa mwaka mzima bila kufuatilia kwa sababu ya uchungu, na ndugu nao walikuwa na maneno. Kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, nikateuliwa msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo, ndipo mafao ya warithi yakaanza kushughulikiwa. Mwenye mzazi mwenza aliyefariki aangalie kwanza kama aliwahi kuajiriwa popote, hata kwa miaka michache. Mtu anazunguka kutafuta mkopo kumbe hela ya watoto imelala.

Mstaafu_Ustawi

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi mkoa huu. Ninaona mmepita pembeni ya jambo kubwa. Binti, baba wa watoto yupo Ihumwa na anafanya kazi. Hilo ndilo fungu lako la kwanza, nalo halihitaji elfu 60.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto, mwe mmefunga ndoa au hamkufunga. Zamani kulikuwa na sheria iliyoweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa. Mia moja, hata kibiriti na chumvi haikutosha mwishoni. Hiyo ilifutwa. Sasa mahakama inaangalia kipato cha wazazi na mahitaji ya mtoto.

Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya Jiji. Beba vyeti vya kuzaliwa (mdogo kama hana, walio chini ya miaka mitano husajiliwa bure), jumbe za simu za siku alizowahi kutuma hela, na mahali anapofanya kazi. Ataitwa. Wengi wakiona barua yenye mhuri huja wenyewe. Mkikubaliana, iandikwe. Akikaidi, shauri linakwenda mahakamani, na msaada wa kisheria bila malipo upo kwa asiye na uwezo.

Ushauri wa mtu mzima: fundi ujenzi hana mshahara wa mwezi. Usidai laki mbili kila tarehe 30, hutaziona. Dai kiasi kidogo cha kila Jumamosi siku ya malipo, pamoja na sare na madaftari mwezi wa kwanza. Ada hakuna tangu 2016, lakini sare, madaftari na michango ya chakula ndivyo vinavyowatoa watoto darasani.

TASAF, mwambie mama yako huombi kama mkopo. Kaya zinaibuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, na ruzuku inakwenda na watoto kuhudhuria shule na kliniki. Kwa biashara yako sitegemei mtaa wakutaje, na mimi nisingekutaja. Mama mwenyewe huenda akastahili kuliko wewe.

Kongwa_Alizeti

Kikoba mmekisahau. Mimi nanunua hisa kila wiki, mwisho wa mwaka tunavunja, nalipia shamba. Hakuna barua wala mhuri.

Kizota_Cherehani

Kongwa mnavunja baada ya mavuno, wote mna hela. Huku mjini kijumbe wa mtaa wetu, yule anayeshika hela za wote, alivunja peke yake.

MamaNtilie_Nkuhungu

Nimecheka hadi maharage yameungua. Asanteni sana, na mzee wangu wa Ustawi shikamoo. Nimepanga hivi: mwezi huu 30,000 CHF, na Jumatatu asubuhi nafunga genge, naenda ustawi. Jumbe zake za mwaka jana ninazo, bahati nzuri sikufuta kwa hasira. NSSF nitaanza Januari. Daftari nimenunua leo.

Kikundi ndio naogopa, hilo la ovaloki limenitia baridi.

Kizota_Cherehani

Dada, tumebaki wanne, tunatafuta wa tano. Tunashona sare. Mwenye mdomo wa kuzungusha oda mashuleni hahitaji kujua kutia uzi kwenye sindano.

MamaNtilie_Nkuhungu

Deni la zamani limeisha?

Kizota_Cherehani

Limeisha Machi. Risiti zote ninazo.

MamaNtilie_Nkuhungu

Basi njooni Jumamosi Mtumba wote wanne, na risiti. Wali nitawapa, ila mtalipa.