Naomba ushauri: vifaa vya marehemu mzee wangu, fundi seremala

Habari zenu wakuu. Mzee wangu alikuwa fundi seremala pale Keko, Dar, tangu sijazaliwa mpaka mwezi uliopita Mungu alipomchukua. Arobaini inakaribia, mimi ndo mkubwa nimeambiwa niandae maneno ya kumwelezea ila kila nikishika kalamu naishia kulia.

Watu wanamjua kwa vitanda vya mninga. Mimi namkumbuka akirudi jioni vumbi la mbao limejaa kwenye kope, anakung'uta shati mlangoni kwanza ndo anambeba mdogo wetu, na hata siku hajauza kitu lazima apite sokoni asije mikono mitupu. Kazi yake ilikuwa safi jamani, mbao mbichi hagusi maana ikikauka inapinda na mlango wa kabati haufungi tena, viungo anachonga kwa patasi anapaka gundi anabana mpaka kesho yake.

Sasa shida ni vifaa. Wadogo zangu wanataka tuuze tugawane, kuna kijana aliyefundishwa kazi na mzee anaomba aendeleze karakana, na mama hataki kabisa ile randa ya mkono iguswe, mpini wake umelika kwa umbo la kiganja cha mzee. Halafu kuna mteja alishatoa advansi ya kabati, limebaki milango tu.

Nianzie wapi? Na mliowahi kusimama kumsemea mzazi wenu, mlianza na lipi?